Bonde Lisilo na Moto

Pazia halikuwa na uwezo wa kucheka. Mtu wa upande wa pili wa redio alipocheka, lilitangaza tu, kwa sauti ile ile isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, "Msemaji amecheka," kisha likaendelea.

"Habari za asubuhi, Mwandishi," Karani alisema siku ile. "Umelalaje huko juu?"

"Kama samaki ndani ya friji. Na wewe?"

"Mimi sikulala. Jana tumefungwa tatu bila."

"Nani amewafunga?"

"Jina la timu limeondolewa," Pazia likajibu.

"Na nyinyi ni timu gani?"

"Jina la timu limeondolewa. Msemaji amecheka."

Nami nikacheka, peke yangu, huku nikishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Kituo cha Uandishi kilijengwa juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima ambapo mvua hugawanyika: tone likiangukia upande huu wa paa huteremkia nchi moja, likiangukia upande ule huteremkia nyingine. Waasisi wa Muungano walisema hapo ndipo mahali pekee pasipo na mwenyewe. Walisema kweli. Hata ndege hawakukaa.

Sikuwahi kumwona Karani. Nilihisi tu kwamba alikuwa mtu mzima, kwa jinsi alivyoniuliza kila siku kama nimevaa soksi. Sikujua jina lake wala nchi yake, na yeye hakujua langu. Kwa miezi yote ya kazi yangu, huyo ndiye aliyekuwa jamaa yangu.

"Mwandishi," akasema, "Baraza linaketi kesho. Bado ni Bonde la Tano?"

"Bado."

"Basi leo utawasikiliza watu wake. Kanuni inasema usizamishe watu ambao hukuwasikia."

"Najua kanuni, Karani."

"Najua unajua. Nakuongelesha tu, usije ukasahau kuongea."

*

Muungano wetu una nchi saba, na kila nchi ina bonde lake lenye kinamasi. Zamani vinamasi hivyo vilipokea mvua za masika, vikazichuja polepole, na ziwa likapata maji safi. Kisha tukavikausha kwa sehemu kubwa tukalima. Mvua zikaongezeka, na maji yaliyokosa mahali pa kutua yakawa yanashuka kwa hasira. Masika yaliyopita maji yalipita katikati ya mji ulio chini ya malango ya maji, na mpaka leo watu wa mji huo hukaa matanga ya pamoja.

Kila mtu alikubali kwamba maji yarudishiwe bonde moja. Hakuna aliyekubali liwe lake. Mwandishi wa kwanza aliandika sheria nzuri sana iliyoacha bonde la kwao. Wa pili akafanya vivyo hivyo, na mipaka ikafungwa. Ndipo wahandisi wakatengeneza Pazia. Lilichukua ushahidi wa kila bonde na kuondoa majina, lafudhi, mavazi, vyakula, aina ya nyumba, kila kitu ambacho kingeweza kumwonyesha Mwandishi ni wapi. Mabonde yakabaki kuwa namba. Na ili idadi za watu zisichezewe, setilaiti ilipita juu ya nchi zote saba siku moja, jioni moja, ikahesabu joto la majiko. Moto mmoja, familia moja. Tuliita Hesabu ya Moto, na tuliipenda kwa sababu haikuweza kuhongwa.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo hivi karibuni. Nilipoapa, "Sina nchi mpaka niandike," machozi yalinitoka kwa furaha. Niliamini, na bado naamini, kwamba watu wanaoweza kushiriki maji wanaweza kushiriki chochote. Mama mdogo Alinda, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, nilimwambia naenda masomoni mbali. Majina ya Waandishi hayatangazwi hata kwa ndugu. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia nikirudi nitamkuta pale pale. Nikirudi: hilo ndilo lililonifanya nivumilie baridi ya mlimani. Kazi ikiisha, Mwandishi hurudishiwa jina na nchi yake, akaenda nyumbani.

Bonde la Tano lilikuwa na mioto michache kuliko yote, yaani familia chache zaidi za kuhamishwa. Michache mno. Niliandika namba yake kwenye rasimu bila kusita, tena nikajisifu moyoni kwa kutopendelea.

*

Mashahidi wa Bonde la Tano walizungumza mmoja baada ya mwingine, wote kwa sauti ile moja. Walisema waliyoyasema wengine wote: makaburi ya wazazi, udongo, shule iliyojengwa kwa michango. Nilisikiliza kwa heshima. Shahidi mmoja alikuwa na maneno mengi, na Pazia lilikuwa likimkata kila mara.

"Sisi si wagumu," sauti ikasema. "Tumezoea kuhama. Msimu wa kiangazi tunahamia kwenye—aina ya makazi imeondolewa. Watoto hawapendi, kwa sababu chakula kinaliwa baridi hadi mvua irudi. Wanalia siku ya kwanza, siku ya pili wanazoea. Mtoto akiwasha hata kijiti, anachapwa na mtu yeyote aliye karibu, si lazima mzazi."

Kikombe kikanitoka mkononi.

Nilichapwa mimi. Nilichapwa na mwanamke nisiyemjua, kwa sababu nilitaka kuchoma samaki mdogo juu ya kisiwa cha mafunjo. Kwetu, kiangazi kikifika, watu huacha nyumba zao, wakahamia kwenye visiwa vinavyoelea katikati ya kinamasi, ambako samaki hukimbilia. Visiwa hivyo ni mafunjo matupu juu ya maji. Cheche moja ingeteketeza watu wote. Kwa hiyo msimu mzima hakuna moto. Tunakula samaki waliokaushwa mapema na viazi vilivyopikwa nchi kavu na mtu wa zamu, na watoto wanaulizana kila jioni mvua iko wapi.

Setilaiti ilipita kiangazi.

Nilikaa nikitazama chai ikisambaa sakafuni. Mioto michache ile haikuwa familia chache. Ilikuwa mioto ya watu wa zamu. Waliobaki, bonde zima, walikuwa juu ya maji gizani wakila viazi baridi, na chombo chetu kisichohongeka kikapita juu ya vichwa vyao kikaandika kwamba hawapo.

*

"Karani," nikasema, "mtu akijua jambo ambalo hakupaswa kulijua, afanyeje?"

"Umelitambua bonde?"

"Sijasema hivyo."

"Usiseme basi. Ngoja nikukumbushe kwanza. Mwandishi akitambua bonde akakiri mbele ya Baraza, hatakanyaga bonde lolote linalotajwa katika sheria yake, maisha yake yote. Hatapokea kitu kutoka kwa watu wa huko, wala hatawatumia kitu, hata salamu. Waliweka hivyo ili pasiwe na mtu wa kujifanya mwaminifu kwa faida."

"Nakumbuka."

"Na asipokiri, hakuna atakayejua."

"Atajua yeye."

"Msemaji amevuta pumzi," Pazia likasema.

Nilitoka nje nikatembea juu ya mgongo wa mlima, koti limefungwa hadi kidevuni. Nilijaribu kufikiri kama mtu asiye na nchi. Nikinyamaza, sheria itapita kesho. Mji wa chini utapona masika haya. Maelfu ya watu nisiowajua watalala salama, na gharama yake itakuwa Mama mdogo na majirani zake kupakiwa kwenye malori na watu watakaoshangaa kukuta familia nyingi kuliko malori. Nikisema, Pazia litavunjika, maana atakayeliamini tena ni nani? Wajumbe wanaweza kuondoka kila mmoja kivyake kama zamani, na masika yatakuta malango hayana sheria. Na mimi sitarudi nyumbani. Nilijaribu kutoliweka hilo kwenye mizani. Lilijiweka lenyewe.

Niliporudi ndani Karani alikuwa bado yupo hewani.

"Nimefikiri," akasema. "Unaweza kuliambia Baraza kwamba maneno ya ushahidi yamekutia shaka. Chakula baridi, hakuna moto, hesabu ina kasoro. Mtu mwerevu angeweza kukisia. Huhitaji kusema zaidi."

"Nisingekisia, Karani. Nilishasikia ushahidi wa mabonde yote na sikukisia chochote. Nimejua kwa sababu nimelia njaa ya chakula cha moto mahali pale."

"Lakini wao hawajui."

"Basi sheria ya maji ya watu wote itaanza na uongo wangu. Hata kama ni mdogo, utakuwa umekaa chini kabisa, kwenye msingi."

"Wewe ni mtoto," Karani akasema. Kisha Pazia likaongeza, kwa sauti yake kavu: "Msemaji hajacheka."

*

Kusikiliza Baraza kupitia Pazia ni kusikiliza mtu mmoja akigombana na nafsi yake. Sauti ilijisifu, ikajikatiza, ikajiomba radhi. Mwishowe ikasema, "Mwandishi, taja bonde."

"Kabla sijataja," nikasema, "naitwa—"

"Jina limeondolewa," Pazia likasema.

"Nimelelewa katika—"

"Mahali pameondolewa."

Ukutani kulikuwa na swichi moja nyekundu ya kuzima Pazia, yenye kifuniko cha kioo. Kila kituo kilikuwa nayo, kwa ajili ya moto au kifo. Nilivunja kioo kwa kitako cha kikombe, nikaivuta.

Kwanza nilisikia mtu akikohoa. Kikohozi halisi, cha mzee mvutaji sigara. Kisha kiti kikasogezwa, mtoto akalia mahali fulani nyuma ya mlango, na mtu akasema, "Kuna nini? Nani amezima?" Sauti tofauti! Nzito, nyembamba, yenye mafua.

"Naitwa Kemilembe," nikasema. "Nimelelewa katika Bonde la Tano. Idadi yake si sahihi."

Nikawaeleza visiwa vya mafunjo, na kiangazi kisicho na moto. Nilipomaliza, mwanamume wa kile kikohozi alizungumza kwanza.

"Binti, kila mmoja wetu hapa ana mama mdogo mahali. Ndiyo maana tulijenga Pazia."

"Najua, mheshimiwa."

"Unataka bonde la kwenu liachwe."

"Hapana. Nataka lihesabiwe. Likihesabiwa na bado likawa la kuzamishwa, nitaandika namba yake kwa mkono huu huu."

"Maneno matamu!" mwingine akadakia. "Wa kwanza alisema hivyo hivyo, leo ana shamba la migomba hadi mtoni."

"Adhabu unaijua?" akauliza mama mmoja aliyezungumza polepole.

"Naijua."

"Itamke."

Nikaitamka. Sauti yangu ilikatika nilipofika kwenye salamu, nikarudia neno hilo mpaka likatoka.

Nikasikia viti vikisogezwa. Niliwaza: wanaondoka. Wanakusanya karatasi, na mipaka itafungwa kabla ya chakula cha mchana.

"Kwetu siku ile," yule mama wa polepole akasema, "ng'ombe walikuwa wamepandishwa malishoni. Nyumbani walibaki wazee na kuku. Nilijua hesabu yetu ni ndogo kuliko ukweli. Nikanyamaza, kwa sababu hata hivyo ilizidi ya Bonde la Tano, na mimi nilitaka tu tusiwe wa mwisho."

"Kwetu nusu ya mioto ile ilikuwa ya vibarua," akasema mwenye mafua. "Msimu wa kuvuna. Tena wengi wa kwako, mzee, wanaokuja kula chakula chetu."

"Kula chakula chenu! Nani anawavunia?"

Mtu akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko cha mtu mwingine tangu nipande mlima. Kilikuwa kicheko kibaya, cha puani, nami nikakisikiliza kama muziki.

Ndipo nikauliza swali ambalo Pazia lisingeruhusu liulizwe. "Waheshimiwa, watu wenu huhama lini?"

Wakaanza kujibu wote kwa pamoja.

*

Tulitaka haki, kwa hiyo tulihesabu watu wote siku moja. Hatukujua kwamba siku moja haiwezi kuwa siku ile ile kwa nchi saba. Karibu kila bonde lilikuwa na msimu wake wa kuwa tupu, na misimu hiyo haikugongana sana. Wahandisi walipoulizwa kama malango yangeweza kupeleka maji kwa zamu, mwezi huu huku, mwezi ule kule, walikuna vichwa, wakasema ni kazi ngumu na inawezekana. Kwa kuwa kwetu tunahama kiangazi, zamu yetu ilikuwa kupokea maji yaliyochelewa, yale ya kutoka milima ya mbali, huku watu wakiwa tayari juu ya visiwa vinavyopanda maji yakipanda.

Usidhani mambo yalikuwa laini. Bonde la Pili halihami kamwe, ni mji. Tuligombana juu yake mpaka mzee wa kikohozi akapoteza sauti. Mwishowe likakubali kupokea maji katika viwanja vyake vya mpira kwa masika yote, na mjumbe wake alitia saini kama mtu anayemzika ndugu.

Niliandika sheria yote upya. Ilikuwa kazi bora kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na kadiri nilivyoiandika ndivyo nilivyoelewa jambo ambalo siku ya Baraza sikuwa nimeliona. Rasimu ya zamani ilitaja bonde moja. Hii ilitaja yote saba. Mwandishi aliyekiri hakanyagi bonde lolote linalotajwa katika sheria yake.

"Toa kifungu cha adhabu," Karani akaniambia. Bila Pazia, Karani alikuwa mwanamke, mwenye sauti ya mikwaruzo na maneno ya haraka. Aliitwa Nasieku. "Wajumbe watakubali. Mzee mwenyewe ameniambia."

"Nikijiandikia msamaha, Mama Nasieku, Mwandishi ajaye atajiandikia mto."

"Utakaa wapi, mwanangu?"

"Hapa. Mtu anahitajika kusoma mvua na kuwaambia wa malangoni zamu ya nani imefika. Hapa hapana mwenyewe."

Nilikuwa nimezoea kuambiwa msemaji anafanya nini anaponyamaza. Sasa nilimsikia mwenyewe akipenga kamasi.

Siku ya kuridhia, kila bonde lilituma mtu mmoja kusema ndiyo au hapana. Mimi niliweza kusikia. Kipaza sauti changu kilikuwa kimefungwa kwa mujibu wa adhabu. Bonde la Tano lilimtuma Mama mdogo Alinda. Nadhani walimchagua kwa sababu haogopi watu.

"Tumesoma," akasema. "Tumebishana wiki nzima, na vijana wametuchosha. Tunasema ndiyo. Ila lango lifunguliwe polepole. Maji yakija kwa kishindo, visiwa vinavunjika, na sisi tuna watoto juu. Polepole, mmenisikia?"

"Tumekusikia, mama," Nasieku akajibu.

"Na huyu aliyeandika. Ameandika kama mtu aliyewahi kulala juu ya mafunjo. Anatoka bonde gani?"

"Hatoki bonde lolote, mama."

"Kila mtu anatoka mahali!" Akaguna. "Haya. Mimi nina binti yangu yuko masomoni, simu hapigi, sijui hata anasoma nini kisichoisha. Ninajua mtu akiwa mbali anavyokaa. Mwambieni huyo mtu samaki wa msimu huu wamenona. Aje. Kama hawezi kuja, atume mtu."

Nilikuwa nimesimama mbele ya redio, mkono juu ya kipaza sauti kilichokufa. Nikasema, "Mama mdogo." Nikasema tena. Mlimani hapana mwangwi. Ukungu hula kila kitu.

Ukumbi ulipotulia na mstari wa Baraza kukatwa, taa ya mstari wangu na Nasieku ikawaka.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo."

"Umevaa soksi?"

"Nimevaa."

"Nimeisoma adhabu yako tena, neno kwa neno. Wewe hupokei kitu, wala hutumi kitu, wala salamu. Sawa. Imeandikwa, nimetia muhuri mwenyewe." Alikohoa kidogo. "Lakini haikusema popote kwamba karani haruhusiwi kula samaki. Nina likizo mwezi ujao, na sina pa kwenda. Sitapeleka neno lako, wala sitaleta lake. Nitakaa tu, nile, nimtazame. Mimi huwa natazama vizuri."

Nikainama nikapandisha soksi.

"Sasa, hilo bonde lenyewe sijawahi kufika. Nikishuka kwenye basi nashika kulia au kushoto?"

"Kushoto," nikasema. Nikavuta kiti, nikaketi, nikaanza kumweleza njia.